Wanaokaa penye vyombo: mwongozo wa kumtumikia mwenzako kwenye safari ya misheni

Siku mbili za kwanza za misheni kila mtu ni mtakatifu. Tunapishana mlangoni: tangulia mpendwa, hapana, tangulia wewe mtumishi. Siku ya tatu watu ni kumi na wanne na ndoo ya maji ya kuoga ni moja, sabuni ya mtu imetumika bila ruhusa, na fundi mitambo hajalala kwa sababu jenereta lilizima katikati ya mkutano na lawama zote zikamwangukia yeye. Asubuhi hiyo mtu anasalimia "Bwana Yesu asifiwe" na "amina" anayojibiwa inatokea puani.

Mwongozo huu ni wa anayejiandaa kutoka na timu kwa mara ya kwanza, hasa vijana wa kwaya na wanafunzi wa vyuo mnaotumia likizo kwenda vijijini. Mtafundishwa kushuhudia nyumba kwa nyumba, kuombea wagonjwa, kusimama jukwaani. Kuhusu yule atakayelala godoro la pili kutoka kwako, mara nyingi hamfundishwi lolote, na mimi nimeona timu zilizohubiri vizuri zikirudi mjini hazisemeshani.

Nianze na habari moja ya Daudi, 1 Samweli 30. Alikuwa anawafuatia Waamaleki na watu mia sita. Walipofika kijito cha Besori, mia mbili walikuwa hoi, wakabaki na vyombo. Mia nne wakaendelea, wakapigana, wakarudi na nyara, na baadhi yao wakasema wale waliobaki wapewe wake na watoto wao tu, waende zao. Daudi akakataa: fungu la aliyeshuka vitani na fungu la aliyekaa penye vyombo ni sawasawa. Kiswahili kimetupa zawadi hapa. Vyombo ni mizigo. Vyombo ni masufuria na sahani. Na kanisani vyombo ni spika, kinanda na maiki. Kila timu ina mtu anayekaa penye vyombo kwa maana zote tatu, na ukichunguza utakuta mara nyingi ni yuleyule mmoja.

Hatua ya 1: Ulizaneni maswali matatu kabla ya kuondoka

Wiki mbili au tatu kabla ya safari mtakuwa na vikao. Msivimalize kwa bajeti na fulana za sare. (Nimewahi kukaa kikao cha saa nzima kuhusu rangi ya fulana. Tulichagua zambarau. Vumbi la huko halikujali.) Tengeni jioni moja ya maswali haya.

La kwanza: una ugonjwa gani ambao lazima mtu mmoja kwenye timu aujue? Pumu, kisukari, vidonda vya tumbo, kifafa, mzio wa dawa fulani. Hili halijibiwi mbele ya wote. Mchagueni mtunza afya, kila mtu amwendee faragha, naye aandike kwenye daftari lake na kufunga mdomo.

La pili: ukichoka unakuwaje? Hili lijibiwe hadharani, na ndilo swali lenye faida kuliko yote ninayoyajua. Dada mmoja wa timu yetu alisema, "Mimi nikichoka nanyamaza. Msidhani nimewanunia, na msinifuate kuniwekea mikono. Niacheni dakika ishirini." Kaka mwingine akasema yeye akichoka anatania kupita kiasi, na utani wake unauma. Tulipofika Mpwapwa, mwezi wa tisa, jua la Dodoma likiwa halina huruma, dada alinyamaza na kaka akaanza utani. Hakuna aliyechukia. Tulimpa mmoja kivuli, mwingine tukamtuma kuchota maji.

La tatu: ni kitu gani kidogo ambacho ukikikosa siku yako inaharibika? Mzee wa kanisa tuliyekuwa naye alijibu kwa aibu kidogo: chai ya moto kabla ya ibada ya asubuhi. Chupa moja ya chai, iliyojazwa usiku, ilimaliza jambo hilo kwa siku tisa.

Hatua ya 2: Andikeni zamu, na jina la kiongozi lianze na choo

Zamu ziandikwe kwenye karatasi na kubandikwa ukutani: maji, kuni, kupika, kuosha vyombo, kubeba na kufunga mitambo, usafi wa choo na bafu. Kiongozi wa timu ajipange mwenyewe siku ya kwanza, choo. Asitoe hotuba juu yake. Achukue fagio na ndoo, basi.

Niseme wazi jambo linalokwepwa. Timu nyingi zikifika kijijini, akina dada wanaingia jikoni na akina kaka wanaingia "kwenye maombi". Jioni akina dada wametoka kwenye moshi, macho mekundu, na bado wanatakiwa kuimba kwenye mkutano. Kisha tunashangaa sauti ya kwanza haipandi. Kama kupika kwa kuni kunawashinda akina kaka, na wengi kunawashinda kweli, wapewe kuni, maji, kukoboa, kumenya na masufuria yote. Ukitaka andiko, lipo: meli ya Paulo ilipovunjika wakaokokea kisiwa cha Melita, mvua ikinyesha na baridi kali. Matendo 28 inatuambia alikuwa anakusanya mzigo wa kuni nyoka alipomzonga mkononi. Mtume, mfungwa, ametoka kuogelea baharini, na hakungoja vijana wamwashie moto.

Kule Mpwapwa maji yalikuwa mbali, na wenye zamu walitoka saa kumi na moja alfajiri na madumu. Siku ya nne mama mmoja kisimani alimwuliza kijana wetu, kupitia binti yake aliyejua Kiswahili vizuri zaidi, "Nyumbani kwenu wanawake ni wagonjwa?" Alishangaa kuona wanaume na madumu. Kijana akacheka, akamtwisha ndoo yake, mazungumzo yakaanzia hapo. Hakuna mtu aliyekuwa amepanga hivyo.

Hatua ya 3: Fungasha mkono mmoja ukiwa huru

Begi lako liwe la kubebeka kwa mkono mmoja au mgongoni. Mkono wa pili ni wa mzigo wa mwenzako au wa timu. Ukiwa na mabegi mawili, wewe ni mzigo wa mtu mwingine.

Sanduku la pamoja liwe na: pakiti za ORS (unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji kwa anayeharisha), dawa za maumivu, kipimajoto, plasta, glovu, sabuni, karatasi za chooni, sindano na uzi, tochi, betri, chandarua kimoja au viwili vya akiba, sukari na chumvi. Wekeni pia pedi, kwenye mfuko usioonyesha kilichomo, na dada mmoja awe na ruhusa ya kufungua sanduku bila kumwomba mtu yeyote. Nimeona binti akikosa mkutano siku mbili kwa sababu mwenye ufunguo alikuwa mwinjilisti mwanamume, naye aliona haya kusema.

Hatua ya 4: Njiani

Safari yenyewe ni misheni tayari. Ukitoka Dar es Salaam kwenda Kigoma kwa treni ya reli ya kati ni zaidi ya kilomita 1,200, na unalala njiani. Kwenye behewa la kukaa utajua tabia za wenzako kuliko kwenye mfungo wa siku tatu.

Mambo ni madogo. Anayechafukwa na tumbo akae dirishani hata kama tiketi yako ndiyo ya dirishani. Mifuko ya kutapikia iwe mfukoni mwako, isiwe ndani ya begi. Akitapika, mmoja amsaidie na wengine waangalie nje. Kumzunguka watu sita mkikemea kunamwongezea aibu. Ukinunua mahindi au maandazi kituoni, nunua mawili zaidi.

Kama mmekodi gari, dereva ni mshiriki wa timu. Aombewe kwa jina, ale mnachokula, apate mahali pa kulala pa maana, maana kesho roho zenu ziko mikononi mwake. Usiku, mtu mmoja akae naye mbele akimsemesha, na wapangeane zamu. Akisema amechoka, simameni. Asiambiwe kwamba Mungu atamtia nguvu kwa sababu ratiba imebana.

Hatua ya 5: Jifunze kusema ulichokiona

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu wengi tunafikiri kutia moyo ni kusema maneno makubwa. "Mtumishi, umetumika!" "Dada, upako ulikuwepo!" Maneno haya hayana ubaya, ila yanafanana na kupungia mkono gari linalopita. Aliyesemwa hajui kama ulimwona.

Barnaba jina lake la kuzaliwa lilikuwa Yusufu. Mitume ndio waliomwita Barnaba, mwana wa faraja, na ukifuatilia habari zake kwenye Matendo utaona faraja yake ilikuwa ya vitendo: aliuza shamba, akamshika mkono Sauli aliyekuwa anaogopwa na kila mtu na kumpeleka kwa mitume, akasafiri hadi Tarso kumtafuta. Alikuwa anaona watu.

Kwa hiyo sema kitu kimoja, halisi, ulichokiona kwa macho. Badala ya "umehubiri vizuri", sema: "Yule mama alipoanza kulia ulinyamaza ukamsubiri. Mimi ningemkatiza." Badala ya "asante kwa chakula": "Nimeona umemtengea mkalimani sahani kabla sisi hatujagawana. Leo amekula cha moto." Kwa fundi mitambo: "Upepo ulikuwa mkali na bado nimesikia kila neno nikiwa kule nyuma kwenye mwembe." Mtu akiambiwa hivyo anajua alionekana.

Sema mapema, siku ileile. Sema pia mbele ya wengine kwa wale ambao kazi yao haina jukwaa. Mhubiri asifiwe faragha; mpishi, dereva na mchota maji wasifiwe kwenye kikao.

Sasa upande wa pili, mambo ya kuacha:

Usimsahihishe mhubiri usiku uleule aliposhuka jukwaani. Hata kama alimchanganya Elia na Elisha. Ngoja asubuhi, baada ya chai, mkiwa wawili, na umwulize kwanza yeye mwenyewe aliionaje.

Usimjibu aliyechoka kwa andiko. Mwenzako anaharisha tangu saa nane usiku, amekwenda chooni mara saba gizani, halafu wewe unamwambia "shukuruni kwa kila jambo". Mpelekee maji na tochi. Eliya mwenyewe alipolala chini ya mretemu akiomba afe, malaika hakumhubiria. Alimgusa, akamwambia aamke ale, palikuwa na mkate na maji. Akalala tena, akaguswa tena, akala tena.

Usimlinganishe na wa mwaka jana. "Mwaka jana tulikuwa na mpiga kinanda aliyekuwa anapiga kweli" ni sentensi fupi, na mpiga kinanda wa mwaka huu hataisahau.

Na mkalimani msimsahau. Vijijini wazee wengi wanasikia Kiswahili, lakini la moyoni wanalisikia kwa Kigogo, kwa Kiha, kwa lugha ya mama zao. Mkalimani anahubiri mahubiri yako yote mara ya pili, kwa nguvu zilezile, bila jina lake kuwa kwenye tangazo. Mpe sentensi fupi. Mpe maji. Mpitishe kwenye maandiko yako mchana ili jukwaani asivamiwe na "kuhesabiwa haki" bila kujiandaa.

Hatua ya 6: Mwenzako akiugua

Kuna mtunza afya, lakini mgonjwa apewe pia mtu wake mmoja wa kukaa naye, anayekosa mkutano bila kuona amepoteza kitu. Huyo ndiye aliyekaa penye vyombo siku hiyo.

Kwa kuharisha, anza na maji ya ORS mapema. Pakiti zikiisha, tengenezeni: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko viwe sawa bila kuchota kilima. Anywe kidogo kidogo kila anapoharisha. Damu kwenye choo, kizunguzungu akisimama, au kutapika kila anachokunywa ni safari ya zahanati, sasa.

Homa kijijini Kigoma, pwani au kanda ya ziwa ipimwe malaria siku hiyohiyo. Kipimo cha haraka zahanati wanacho. Akiandikiwa mseto, dawa ya malaria, kazi ya mwenzake ni kumhakikishia dozi zote: mara sita ndani ya siku tatu, ya pili saa nane baada ya ile ya kwanza, na anywe akiwa amekula. Wengi wanaacha siku ya pili kwa sababu wamepata nafuu na jioni wana zamu ya kuimba. Mnyang'anye maiki ikibidi. Ombeni, wekeni mikono, na mpeleke kupima. Hakuna aliyewahi kunionyesha mahali vitu hivi vinapogombana.

Habari za ugonjwa ziende kwanza kwa familia yake, kwa simu, kwa sauti ya mtu mmoja. Zisianzie kwenye kundi la WhatsApp la kanisa lenye watu mia tatu. Epafrodito aliugua karibu na kufa akiwa amemletea Paulo msaada wa Wafilipi, na kilichomsumbua ni kwamba watu wa nyumbani walikuwa wamesikia. Paulo akamrudisha na barua, akawaambia wampokee kwa furaha na kumheshimu. Anayerudishwa kwa ugonjwa anahitaji barua ya namna hiyo kutoka kwa kiongozi, maana njia nzima anawaza kwamba ameshindwa.

Hatua ya 7: Kikao cha jioni, na namna ya kugombana

Mtagombana. Paulo na Barnaba waligombana juu ya Yohana Marko hadi wakaachana njia, na wale hawakuwa wachanga wa imani.

Ndugu wa uamsho wa Afrika Mashariki, ule ulioenea kutoka Gahini kule Rwanda miaka ya 1930, walikuwa na msemo wa kutembea nuruni: jambo lililoko moyoni linasemwa, linaungamwa, linaisha. Wazee wetu walioguswa na uamsho huo walisafiri na timu kwa miguu, kwa baiskeli na kwa malori, na wakiwa njiani waliketi kuungamiana kabla ya kusimama mbele ya watu. Sisi tunafanya dakika ishirini kila usiku, baada ya kula, simu zikiwa mbali, kwa kanuni tatu. Ungama lako, siyo la mwenzako. "Naungama nilimchukia kaka fulani kwa sababu ni mvivu" ni mashtaka yaliyovaa kanzu. Jambo kati ya wawili liishie kwa wawili kwanza. Na asilazimishwe mtu kusema.

Mara moja, huko mwambao wa Ziwa Tanganyika, tulikuwa tumefika kijiji cha pili kwa boti la mbao, tumelowa, na mimi nilikuwa sijasema na mwenzangu tangu asubuhi kwa sababu ya chandarua. Chandarua tu. Alikuwa amekichukua changu kimakosa, na mimi niliona heri niumwe na mbu nipate sababu ya kumhukumu. Jioni tuliketi kula ugali wa muhogo na migebuka, sahani moja kwa watu wanne, na yeye akaanza kunitolea miba, anaweka mnofu upande wangu bila kuniangalia. Nilimaliza kula nikasema nililokuwa nalo. Alikuwa hajui hata kama chandarua kilikuwa changu.

Kuna anayetaka kurudi nyumbani. Mwulizeni sababu mara moja, ombeni naye, na kama bado anataka, mpeni nauli na mtu wa kumsindikiza hadi kituoni. Marko aliwaacha akina Paulo huko Perge, lakini Paulo huyohuyo, karibu na mwisho wa maisha yake mwenyewe, aliandika aletewe Marko, kwa kuwa anamfaa kwa utumishi. Msimfungie mtu mlango kwa safari moja.

Hatua ya 8: Mwenyeji naye ni wa timu

Mchungaji wa kijiji na mama mchungaji watachinja kuku wa pekee waliyekuwa naye. Kuleni kwa shukrani, lakini pelekeni mchele, mafuta, sukari na mkaa mapema, mkikabidhi kwa mama mwenyewe. Angalieni nani anakula mwisho. Kama ni yeye na watoto wake, na sufuria limeshakwanguliwa, mmeharibu.

Hatua ya 9: Mkisharudi

Siku ya kurudi watu wanapotea kituoni kila mmoja na bodaboda yake, na fundi mitambo anabaki na spika nane. Bakini naye. Masufuria yaoshwe na kurudishwa kwa wenyewe, sanduku la dawa lihesabiwe na pengo liandikwe kwa ajili ya timu ijayo.

Jumapili ya taarifa, mpangilio wa ushuhuda upangwe mapema, na wapishi, dereva na mkalimani wawemo. Mkalimani akiwa mbali, apigiwe simu, sauti yake isikike kanisani. Taarifa isihesabu waliookoka tu.

Kisha, kama siku kumi baadaye, pigianeni simu wawili wawili kama mlivyokuwa kwenye zamu. Muulize mwenzako amelalaje na anaendeleaje kazini au darasani, kwa kuwa wengi huwa na majonzi wasiyoyaelewa baada ya safari. Na muulize kuhusu homa. Malaria aliyoambukizwa na mbu wa huko inaweza kujitokeza wiki moja, mbili, hata mwezi baada ya kurudi mjini, wakati yeye mwenyewe anadhani ni mafua. Akikwambia kichwa kinamgonga na mwili unauma, usikate simu mpaka akubali kwenda kupima leo, na amwambie daktari alikuwa wapi.